Jarari, Demani na Kosa Nililolitangaza Mwenyewe

Mwaka 2005 nilikuwa nikifanya kazi katika duka la intaneti Mkunazini, mjini Unguja, si mbali na soko la Darajani. Lilikuwa na kompyuta sita, mafeni mawili na daftari moja kubwa ambamo niliandika jina la mteja, saa aliyoketi na saa aliyoondoka. Saa moja ilikuwa shilingi 1,000. Mawasiliano yetu yalipitia dishi la setilaiti lililokuwa juu ya paa, na katika miezi ya masika, mvua kubwa ikianza kupiga mabati, ukurasa uliokuwa umefunguka nusu ulibaki nusu vivyo hivyo hadi mvua ipungue. Wateja wengi walikuja kusoma barua pepe za jamaa zao walioko Maskat, Dubai na London. Waliobaki walikuja kutafuta mambo, na hao ndio walionifanya nianze kuandika.

Nilikuwa nikiwatazama wanavyotafuta. Mwanafunzi aliyezaliwa na kukulia Malindi, ambaye hata hesabu huzifanya kichwani kwa Kiswahili, alikuwa akikaa mbele ya Google na kujilazimisha kuandika swali lake kwa Kiingereza, kwa sababu alikwishajaribu Kiswahili mara mbili tatu akaletewa kurasa chache zisizomhusu. Polepole niliona watu wakijenga imani kwamba jambo lisilopatikana pale halipo, au kama lipo basi ni mali ya lugha nyingine. Siku moja kijana aliyekuwa akisomea utalii aliniuliza kama najua mkuku wa jahazi ni nini, maana mwalimu wake alilitaja neno hilo na yeye alilitafuta kwa nusu saa bila kupata kitu. Nilimjibu papo hapo kwamba ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, ambao ndio hutangulia kulazwa kabla ya mti mwingine wowote. Alinitazama kwa mshangao, akaniuliza nimesoma wapi. Sikuwa nimesoma popote. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo Nungwi, na mimi tangu nina miaka saba ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai ya asubuhi bandani.

Hapo bandani maneno yalikuwa yakitembea pamoja na kazi. Babu aliomba tezo, ile ya kuchongea mbao, akaletewa tezo. Aliomba keekee, mwanafunzi wake akaanza kutoboa tundu la msumari. Alinyoosha mkono bila kugeuka akasema «pamba», na kila mtu akajua ni ile ya kalafati, ya kuzibia nafasi kati ya mbao. Mataruma, yaani mbavu za chombo, aliyachagua kwa macho kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, kwa kuwa mti uliokua umepinda una nguvu kuliko uliopindwa. Mwisho wa kazi ilikuja deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake haikutoka kwenye kanga yangu hata nikiifua kwa majivu. Maneno haya niliyajua kwa pua na kwa mikono, na yule kijana wa utalii ndiye aliyenifanya nitambue kwamba hayakuwa yameandikwa mahali ambapo yeye angeweza kuyafikia.

Kuwa na ukurasa wako kwenye intaneti, miaka michache kabla ya hapo, kulihitaji ujue kuandika alama za kutengenezea kurasa na kuzipeleka mwenyewe kwenye kompyuta ya mwenye huduma. Blogu iliondoa kizuizi hicho. Blogger, ambayo mimi niliitumia, ilizinduliwa Agosti 1999 na kampuni ndogo ya San Francisco iliyoitwa Pyra Labs, na Google ikainunua Februari 2003. Ilikuwa bure, na mtu aliyeweza kuandika barua pepe aliweza pia kuchapisha andiko. Wakati ule wanablogu wa Kiswahili walikuwa wachache kiasi kwamba ungeweza kuwapitia wote jioni moja. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe tangu 2004, na yeye na wenzake walipenda kuziita blogu magazeti tando. Issa Michuzi alianza yake ya picha mwaka 2005. Nilipoona kwamba watu hao wanaandika Kiswahili bila kumwomba mtu radhi, nilifungua blogu yangu usiku mmoja baada ya kufunga duka, nikaanza na andiko fupi juu ya mkuku.

Jambo dogo ambalo sikulipa uzito mwanzoni, na ambalo baadaye niliona ndilo lililobeba kila kitu, ni kwamba kila andiko la blogu lilipewa anwani yake ya kudumu. Mtu aliyelipenda andiko langu la mataruma hakulazimika kuwaambia wasomaji wake waende kwenye blogu yangu wakalitafute katikati ya mengine. Aliweka kiungo kinachofika pale pale. Na viungo ndivyo vilivyokuwa chakula cha Google. Larry Page na Sergey Brin, walipoianzisha mwaka 1998 baada ya utafiti wao katika Chuo Kikuu cha Stanford, walikuwa wameijenga juu ya wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ni aina ya ushahidi, na kwamba ushahidi wa ukurasa ambao wenyewe umeshuhudiwa na wengi una uzito zaidi. Kwa hiyo blogu, ambazo wenyewe walikuwa wakielekezana kutwa kucha, zilipanda katika majibu ya Google haraka kuliko kurasa za taasisi kubwa ambazo hazikuwa na desturi ya kumwelekeza msomaji kwa mtu mwingine. Hata maneno yaliyotumika kwenye kiungo yalihesabiwa: mtu akiandika «sehemu za jahazi» na kuyaunganisha maneno hayo na ukurasa wangu, ukurasa wangu uliweza kutokea kwa anayetafuta maneno hayo hata kama mimi sikuyaandika. Kulikuwa na waliolitumia vibaya jambo hilo kwa kumwaga viungo vya biashara zao kwenye sehemu za maoni za blogu za watu, hadi Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zikakubaliana juu ya alama moja ya kuonyesha kwamba kiungo hicho kisihesabiwe. Baada ya hapo kiungo kilichokuwa na thamani ni kile ambacho mwenye blogu alikiweka mwenyewe ndani ya andiko lake, kwa kupenda.

Niliweka kwenye blogu kihesabu cha wageni, na kila asubuhi, kabla ya wateja kuingia, nilikuwa nikisoma maneno yaliyowaleta watu. Sijui kama kuna kitu kilichonifundisha lugha yangu mwenyewe kuliko orodha ile. Andiko juu ya foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga, lilipata wageni wachache lakini kila aliyekuja alikuwa amelitafuta hilo hilo, kwa sababu neno foromali halina mshindani. Andiko juu ya tanga halikupata mtu kwa muda mrefu, kwa kuwa kila aliyeandika neno hilo Google ilimpeleka kwenye mji wa Tanga. Joshi, pembe ya tanga inayokaa mbele kuelekea upepo, lilizama chini ya maelfu ya Wahindi wenye jina hilo. Na sifa ndiyo iliyonitia huruma, maana walioletwa nalo walikuwa wakitafuta sifa za kiongozi bora au sifa za muombaji wa kazi, wakajikuta wanasoma juu ya ini la papa. Mashine ilijua herufi. Maana ilikuwa haijui. Nikajifunza kuandika vichwa virefu zaidi, kama vile «Sifa, mafuta ya kupaka jahazi na dau», ili maneno yasaidiane kuonyesha njia, na ndani ya miezi michache watu niliokuwa nikiwakusudia wakaanza kufika: walimu wa shule, wanafunzi wa historia, Wazanzibari wa Oman waliotaka kuwaonyesha watoto wao jambo la kwao.

Mwaka 2006 niliandika orodha ya kamba za jahazi. Niliipata kwa babu kwa simu. Nilikuwa dukani, mteja mmoja akilalamika kwamba mashine yake imekwama, na babu upande wa pili akizungumza kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inasikia bila kupigiwa kelele. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, na usiku nikaingiza kwenye blogu kwamba demani ni kamba inayopandisha foromali mlingotini kwa kupitia abedari, yaani kapi la kupitishia kamba, na jarari ni kamba ya pembe ya chini ya tanga, ile anayoishika baharia kulikaza au kulilegeza tanga kwa kufuata upepo. Niliongeza kwamba demani hilo hilo ni jina la msimu, na nikaona nimefanya kazi nzuri. Lilikuwa andiko langu lililosomwa kuliko yote. Ukurasa mmoja wa wanafunzi uliichukua orodha nzima na kuweka kiungo cha kwangu. Kampuni moja ya kutembeza wageni ikaiweka kwenye ukurasa wake wa safari za jahazi. Mtu wa tatu, aliyekuwa akikusanya msamiati wa bahari, akaichukua pia. Kila mmoja alinitaja kwa uungwana, na kila kiungo chao kilinipandisha juu, hata ikawa anayetafuta jarari au demani ya jahazi kwa Kiswahili ananikuta mimi wa kwanza, na chini yangu anawakuta hao watatu, wote wakisema neno moja.

Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima. Tulikuwa tukiupata kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na hitilafu ilipotokea, kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mmoja. Pampu za maji zilisimama, watu wakawa wanapanga foleni visimani na madumu, na duka letu likafungwa baada ya siku tano, maana dizeli ya jenereta ilikuwa ikila zaidi ya kilichoingia. Nilirudi Nungwi kukaa na babu. Katika siku zile sikuwa na habari yoyote ya blogu, na kusema kweli nilidhani kwamba kwa kuwa sisi tumezimika, nayo imezimika.

Duka lilipofunguliwa mwezi Juni, nilikuta kihesabu kimeendelea kuhesabu. Watu walikuwa wakiingia kila siku, kutoka Nairobi, kutoka Maskat, kutoka Uingereza, wanasoma, wanaondoka. Maandiko yangu yalikuwa yamekaa kwenye kompyuta za mbali ambazo hazikujua kwamba mwandishi wake anasoma kwa kandili. Na kwenye orodha ya kamba kulikuwa na maoni yaliyokuwa yakinisubiri kwa wiki tatu. Aliyeandika hakutaja jina, alijiita Nahodha tu, akasema ni mtu wa Lamu aliyestaafu na anaishi Mombasa. Maneno yake nayakumbuka: «Binti yangu, umezigeuza. Jarari ndiyo inayopandisha foromali, na demani ndiyo unayoishika mkononi. Baharia akikufuata wewe, ataliangusha tanga akidhani analegeza upepo.»

Mwili ulinishuka. Nilifunga mahesabu ya siku ile mapema, nikapanda daladala ya Nungwi na daftari mkononi. Nilimkuta babu barazani baada ya swala ya laasiri. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsomea nilichoandika. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na fito mbili, leso yake na nyuzi mbili za pamba ya kalafati. Aliuchomeka ufito mmoja mchangani, akafunga mwingine kwa mshazari, akaining'iniza leso. Uzi wa kwanza aliupitisha kileleni akaufunga kwenye ufito wa mshazari, akanipa ncha, akasema, «Vuta.» Nikavuta, leso ikapanda. «Hiyo jarari, mjukuu wangu. Sasa shika hii.» Uzi wa pili ulikuwa umefungwa kwenye pembe ya chini ya leso, ya nyuma. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma vizuri jioni ile. Leso ikajaa, na uzi ukanivuta kidole. «Na hiyo demani. Ukiiachia, upepo wote unatoka. Mimi nilikwambia hivi hivi kwenye simu. Wewe uliandika upesi.»

Usiku ule nilielewa kitu ambacho miaka mitatu ya kuhesabu wageni haikunionyesha. Kwa Kiingereza, mtu akikosea juu ya kamba za meli, kurasa mia nyingine zitamsahihisha, na viungo vya watu vitaelekea kwenye zile zilizo sahihi. Kwetu sisi hakukuwa na ukurasa mwingine. Mimi na wale waliokuwa chini yangu kwenye orodha ya Google hatukuwa mashahidi wanne; alikuwa shahidi mmoja, naye ni mimi, nikijirudia kwa sauti za watu watatu walioniamini. Ushahidi wa viungo unafanya kazi pale ambapo watu wengi wameandika na wanaweza kuchagua wa kumwelekea. Katika lugha ambayo wajuzi wake wamekaa magudini na baharini, na wanaoandika ni wachache, anayetangulia anawekwa juu kwa sababu tu ametangulia, na msomaji hana njia ya kuona tofauti.

Nilitaka kulifuta andiko lote, na nashukuru kwamba sikufanya hivyo. Kama ningelifuta, anwani yake ingekufa, viungo vya wale watatu vingeelekea kwenye ukurasa mtupu, na orodha zao zenye kosa zingebaki peke yake bila wa kuzipinga. Kama ningebadilisha maneno kimya kimya, aliyekwisha kusoma asingejua kwamba amesoma kosa. Kwa hiyo niliiacha anwani ile ile, nikaandika juu kabisa, kwa tarehe, kwamba nilizigeuza jarari na demani, nikaeleza kwa kufuata leso ya babu, nikamshukuru Nahodha wa Lamu, na mstari wa zamani nikauacha hapo chini ukiwa umekatwa katikati ili kila mtu auone. Kisha nikawaandikia wote watatu. Wanafunzi walisahihisha siku ya pili yake. Kampuni ya wageni ilisahihisha baada ya mwezi, nilipopita mwenyewe ofisini kwao. Mkusanya msamiati hakujibu.

Tangu hapo sijachapisha neno la kazi ya mtu bila kumsomea yeye kwanza nilichokiandika. Hilo lilinipunguzia kasi sana, maana kwa andiko moja juu ya kalafati nilikwenda Nungwi mara tatu. Nililipa gharama hiyo kwa moyo mweupe.

Baadaye mambo yakabadilika kwa upande ambao sikuutazamia. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kushuka bei, simu zikaanza kufungua kurasa, na wasomaji wangu mmoja mmoja wakahamia Facebook, ambayo ilikuwa imefunguliwa kwa watu wote tangu Septemba 2006. Sikuwalaumu, na mimi mwenyewe nilihamia. Huko mazungumzo yalikuwa na uhai zaidi kuliko yalivyowahi kuwa kwenye blogu. Niliuliza swali moja juu ya ngalawa za Pemba nikapata majibu arobaini kwa usiku mmoja, mengine kutoka kwa watu wa Wete na Mkoani ambao wasingefungua blogu maisha yao yote. Lakini majibu yale yalikuwa ndani ya kundi lililofungwa, ambamo Google haiingii, na baada ya wiki hata sisi wenyewe hatukuweza kuyapata tena. Mwaka 2010 nikaiona orodha yangu ya kamba, ile yenye kosa, imepigwa picha kutoka kwenye karatasi iliyochapwa na inasambazwa ukuta kwa ukuta huko Facebook. Haikuwa na kiungo wala jina. Maneno yaliyo ndani ya picha yalikuwa hayatafutiki, kwa hiyo sikuweza hata kujua imefika wapi. Niliandika masahihisho chini ya kila picha niliyoiona, na kila nilipomaliza iliibuka nyingine kwa mtu ambaye hakuwa amemjua yule wa kwanza. Pamoja na hasara zake, zama za blogu zilikuwa zimeniachia nyayo za kufuata: niliwajua watatu walionichukua kwa sababu walinielekea.

Orodha ya maneno yanayoleta wageni nayo ilianza kufifia. Oktoba 2011 Google ilianza kuyaficha maneno ya watafutaji walioingia kwa akaunti zao, na asubuhi zangu za kusoma jinsi watu wanavyouliza zikaisha kidogo kidogo. Naelewa kwamba ilikuwa ni kuwalinda wanaotafuta. Hata hivyo niliyakosa maneno yale. Picha za andiko la mataruma pia zilipotea, pale kampuni ya kuhifadhi picha niliyoitegemea ilipofunga huduma yake ya bure. Nilikuwa sijabaki na nakala hata moja, na jahazi lililoonekana kwenye picha hizo lilikuwa limekwisha kuuzwa. Maandishi yenyewe nimeyahifadhi sasa mara tatu: kwenye blogu, kwenye flashi, na kwa mkono kwenye lile daftari kubwa la wateja, katika kurasa zilizobaki wazi.

Babu alifariki mwaka 2013, wakati wa kaskazi. Andiko la kamba bado lipo kwenye anwani yake ile ile, masahihisho juu, kosa limekatwa chini. Ukurasa wa mkusanya msamiati nao bado upo, na bado unasema kwamba demani ndiyo inayopandisha foromali. Kila mwaka kusi ikianza kuvuma namwandikia mwenyewe. Miaka ya mwanzo alinyamaza tu. Siku hizi barua hurudi na maelezo kwamba anwani hiyo haipo tena.